Ngome ya Siyu kwa miguu, kwenda na kurudi siku moja

Swali: "Sisi ni walimu sita wa Malindi na tumezoea kutembea. Tumepanda Kasigau na Vuria kule Taita. Likizo hii tunataka kwenda kwa miguu kwenye ngome ya kale ya kilimani huko Lamu, twende na kurudi siku moja. Tumesikia Ngome ya Siyu inatajwa. Je, siku moja inatosha? Aliyeijenga ni nani hasa, Seyyid Said au Bwana Mataka? Na mwanangu wa miaka 11 naweza kuja naye?"

Mwalimu, nianze na hicho kilima, maana hakipo. Visiwa vya Lamu ni tambarare. Kilichoinuka ni matuta ya mchanga nyuma ya kijiji cha Shela, na hayo hata mtoto huyapanda kwa pumzi moja. Ngome ya Siyu iko chini kabisa, ukingoni mwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, kiasi kwamba ukija kwa chombo huioni mpaka umeshaikaribia. Wenzako wakija na picha ya ngome za kwenye majabali waambie mapema, wasije wakavunjika moyo.

Lakini msiache kuja. Huku pwani, hatari ilikuja kwa maji na riziki ilikuja kwa maji, kwa hiyo ngome zilikaa kwenye maji. Tazama ile ya Mombasa iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, iko mdomoni mwa bandari. Tazama Ngome ya Lamu, iliyojengwa baina ya 1813 na 1821. Leo unaiona iko ndani kidogo, kando ya soko, ila wakati inajengwa maji yalikuwa yanafika karibu na miguu yake, na sehemu ya mbele yote ni ardhi iliyojazwa baadaye. Siyu ni vivyo hivyo, tena zaidi. Na kwa kuwa ngome yenyewe ilifuata maji, safari ya kwenda kuiona nayo lazima ifuate maji. Hilo ndilo jibu langu la swali lako la kwanza: ndiyo, siku moja inatosha, lakini si siku yoyote. Siku inachaguliwa na maji, si na kalenda ya shule.

Naomba uvumilivu wako hapa, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibika.

Kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate, ambako ndiko Siyu iliko, njia fupi na tulivu ni kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda hubaki na kina kidogo mno na vyombo husubiri. Upande wa pili wa safari kuna mkono wa bahari wa Siyu, na huo ndio mkali zaidi: maji yakitoka, panabaki tope jeusi kutoka mkoko mpaka mkoko, na hakuna boti inayoingia wala kutoka. Kwa hiyo mnahitaji maji mara mbili, alfajiri ya kuondoka na jioni ya kurudi. Bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kujaa kuna kama saa 12 na nusu. Maana yake ni kwamba mkipata siku ambayo maji yamejaa kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri, yatajaa tena kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Mchana kutwa, wakati bahari imetoka na haina kazi nanyi, ninyi mko nchi kavu mnatembea. Ratiba nzuri kuliko hiyo siijui.

Siku za namna hiyo huja lini? Huku kwetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na robo hivi, ya alfajiri na ya jioni. Kila siku inayofuata huchelewa, mara dakika arubaini, mara karibu saa nzima. Kwa hiyo hesabu siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, au siku mbili tatu baada ya mwandamo: mwezi 16 na 17, au mwezi 2 na 3 kwa hesabu ya Kiislamu. Siku hizo ni za bamvua, maji makubwa, yanajaa sana na kupwa sana, na mtaingia mpaka ndani bila wasiwasi. Msije siku za maji mafu, mwezi saba au mwezi ishirini na mbili. Siku hizo maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni, kinyume kabisa na mnavyotaka. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka, litazameni, halafu mpelekeeni nahodha tarehe mliyochagua mkamsikilize. Nahodha akikwambia "sogeza siku moja mbele", sogeza. Yeye anayajua mafungu ya mchanga ambayo jedwali haliyajui.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeshalala kwenye lile tope. Ilikuwa safari yangu ya tatu au ya nne kupeleka watu Siyu, tukala vizuri, tukapewa kahawa, mmoja akataka picha moja zaidi, mwingine akaenda kuaga. Tuliposhuka bandarini maji yalikuwa yameshaanza kukimbia. Tulisukuma kwa upondo, tukashuka tukavuta kwa mikono, tope likafika mapajani, na robo ya njia hivi boti ikakaa. Ikalala ubavu pole pole, kama punda anayejilaza. Usiku kucha tuliwasikia kaa wakitembea juu ya tope, wengi mno, sauti kama ya mvua ndogo juu ya makuti, na mbu wakatufanyia walivyotaka. Nahodha hakunilaumu hata kidogo. Alichemsha chai kwenye jiko la makaa akanipa kikombe cha kwanza, na mimi nikaona haya kuliko kama angenitukana. Tangu siku ile, saa ya kuondoka nikishaipanga, sina picha moja zaidi.

Na hatukuwa wa kwanza kuaibishwa na maji huku. Vita vya Shela, vilivyopiganwa kwenye mwaka 1812 au 1813, watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu, wakashuka pale ufuoni Shela. Simulizi za Lamu zinasema waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Ufuo huo ndio huu ambao leo watu huota jua.

Haya, tuje kwenye njia yenyewe.

Kutoka Malindi njooni siku moja kabla. Basi litawafikisha Mokowe, mvuke kwa boti, mlale Lamu mjini. Msijaribu kuunganisha. Jioni hiyo fanyeni mambo mawili. Kwanza, piteni Makumbusho ya Lamu muulize habari za Ngome ya Siyu, kwa sababu iko chini ya Makumbusho ya Taifa na ni vizuri mlinzi wake ajue mnakuja, msije mkatembea kutwa mkakuta mlango umefungwa. Pili, ulizeni hali ya usalama kwa polisi na kwa nahodha wenu. Lamu imepitia miaka migumu, na ingawa visiwani kwenyewe maisha yanaendelea, kuna nyakati safari za majini hufungiwa saa fulani. Swali hilo si aibu kuuliza. Nahodha anayejua kazi yake hutangulia kuwaeleza kabla hamjafungua mdomo.

Chombo: kodini boti ya mashine ya kwenu peke yenu. Boti ya abiria ya kwenda Pate ni nzuri sana kwa mwenye siku mbili tatu, na mimi huipenda kwa maongezi yake, lakini inafuata mzigo na maji, haitafuata safari yenu, na mara nyingi hurudi kesho yake. Mkubaliane bei mapema, petroli ikiwa ndani. Na mkubaliane wazi kwamba nahodha atawashusha Mtangawanda kisha azunguke awasubiri Siyu maji yakianza kujaa. Hili liseme mara mbili. Kushuka mahali pamoja na kupandia pengine ndiko kunakowapa matembezi ya kweli, hamrudi kwenye nyayo zenu.

Ondokeni Lamu kunapopambazuka. Mtangawanda ni gati lenye kina, vyombo hufunga hapo hata maji yakiwa yanatoka, na ndiyo maana wageni wa Pate hushukia huko. Mkifika saa moja hivi, ungeni kwa miguu mpaka mji wa Pate, mwendo usiofika saa nzima. Kuna pikipiki, na vijana watawaita. Washukuruni, muwaambie leo mnatembea.

Pate hamtaiona yote, lakini msiipite tu. Ule ulikuwa mji wa Wanabahani, masultani waliotawala huku na kupigana na Wareno, kisha Waarabu wa Omani, kisha wao kwa wao, mpaka ukachoka. Mji wa leo umejibana upande mmoja, vichochoro vyembamba na kuta ndefu. Nyuma yake yametapakaa magofu, na humo ndani ya magofu watu wamelima tumbaku. Utaona kidaka kilichonakshiwa, mahali pa kuwekea vyombo vya kauri, na chini yake mistari ya tumbaku mibichi iliyomwagiliwa asubuhi hiyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona majumba haya yakianza kuwa mahame, akayatungia utenzi wa Al-Inkishafi. Ninyi ni walimu, bila shaka mmeifundisha au mmefundishwa. Kusimama pale ni kitu kingine. Jipeni saa moja, halafu muondoke, jua halingoji.

Kutoka Pate mpaka Siyu ni kama kilomita 8. Kwa miguu iliyopanda Vuria hizo si kitu, lakini msizipime kwa urefu. Zipimeni kwa mchanga na jua. Njia ni ya mchanga sehemu nyingi, unakanyaga hatua moja unarudi nusu. Inapita mashamba ya minazi, kisha machaka, mikoma, kisha uwazi usio na kivuli hata cha kuku, na vijia vya kando ni vingi kwa sababu kila mwenye shamba ana chake. Mchukueni mtu wa Pate awaongoze. Si kwa sababu mtapotea mkafa, bali mkikosea kijia kimoja mtapoteza nusu saa, na nusu saa katika safari inayofuata maji ni kitu kikubwa. Isitoshe, atawaambia shamba hili la nani na kisima kile cha nani, na njia itakuwa fupi. Kila mtu abebe maji lita 3, si chupa moja ya mkononi. Kofia pana. Viatu vilivyofunga, maana mchanga wa saa nne huwa umeshapata moto.

Mkitoka Pate saa tatu, mtaingia Siyu saa tano na nusu hivi. Mtapokelewa kwanza na minazi, kisha mji, kisha mtashuka upande wa bahari na hapo ndipo ngome ilipo: kuta nene za mawe ya matumbawe, buruji za pembeni, mizinga iliyoliwa na kutu, na mbele yake mikoko. Saa hiyo maji yatakuwa yametoka. Wengine husikitika, wanasema wangependa kuiona maji yakiwa yamejaa, picha ingependeza. Mimi nataka muione hivyo hivyo, imesimama mbele ya tope tupu, kwa sababu hapo ndipo utaielewa.

Siyu ilikuwa mji mkubwa. Padri Gaspar de Santo Bernardino, Mreno aliyepita mwaka 1606, aliandika kwamba ndio mji mkubwa kuliko yote kisiwani. Baadaye, karne ya 18 na ya 19, ukawa mji wa wanavyuoni na mafundi: misahafu ikinakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi, milango ikichongwa, ngozi ikishonwa, panga zikifuliwa. Mji kama huo hutamaniwa. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, ambaye Lamu ilimkubali mapema na Mombasa ikamwangukia mwaka 1837, aliitaka Siyu nayo. Siyu ilikataa. Katika miaka ya 1840 alituma majeshi, na majeshi yale hayakuweza kuja kwa maji mpaka mjini. Merikebu zingeingilia wapi? Ndani ya tope lile ulilolitazama? Walilazimika kushuka Faza, upande wa pili wa kisiwa, na kushika njia ya miguu kupitia machakani. Machakani wale wa Siyu walikuwa wanawangoja. Jeshi lilirudishwa na hasara kubwa, likarudi tena, na amiri wake Hamad bin Ahmed akauawa. Haikuwa mpaka mwaka 1863, Seyyid Said ameshafariki na mwanawe Majid yuko Zanzibar, ndipo Siyu iliposhikwa. Huo unahesabiwa kuwa katika miji ya mwisho kabisa ya Waswahili kupoteza uhuru wake.

Ndiyo maana nasema njooni kwa miguu. Mtu aliyeletwa kwa pikipiki mpaka mlangoni ataona jengo. Ninyi, mchanga wa Pate ukiwa bado umo viatuni, shati limeganda mgongoni, mtajua askari aliyebeba bunduki na baruti, asiyejua kijia kipi ni kipi, alikuwa na hali gani alipofika hapa. Ngome ya kwanza ya Siyu ilikuwa tope, ya pili ilikuwa chaka, na hili jengo la mawe ni la tatu.

Sasa swali lako la nani aliyejenga. Zipo kauli mbili, na zote mtazisikia. Moja inasema Seyyid Said aliijenga ili aweke askari wake na kuushika mji. Ya pili inasema ni Bwana Mataka, mkuu wa Siyu, aliyeijenga ili ajilinde naye. Wenyeji wengi wataapa kwa ya pili, kwamba hii ni ngome ya pwani iliyojengwa na watu wa pwani wenyewe, na wanaposema hivyo sauti zao hubadilika. Mimi moyo wangu uko nao. Mji uliorudisha majeshi ya Seyyid zaidi ya mara moja sioni ulimpa nafasi gani ya kuchoma chokaa na kuinua kuta nene hivi kwa starehe. Lakini hiyo ni rai yangu, na mtu mwenye elimu akishika kauli ya kwanza simwiti mwongo. Ngome hukamatwa, hubomolewa, hujengwa upya, na mkono wa mwisho hufuta alama za mkono wa kwanza. Mtu wa Siyu akiwasimulia, msikilizeni mpaka mwisho bila kumkatiza kwa mwaka mliousoma mahali.

Na Bwana Mataka mnamjua tayari, ingawa pengine hamjui kwamba mnamjua. Ndiye mume wa Mwana Kupona binti Mshamu. Bibi huyo alizaliwa Pate, aliolewa Siyu, na mwaka 1858, akiwa mgonjwa na ameshafiwa na mumewe, alimtungia binti yake Mwana Hashima ule utendi unaosomwa mpaka leo. Kwa hiyo njia mliyotembea asubuhi inaunganisha mji alikozaliwa na mji alikoolewa. Kila mwanafunzi wenu aliyewahi kukariri beti zake amekariri maneno ya bibi aliyekuwa na vita mlangoni pake. Waambieni hilo mkirudi darasani. Nimeona watoto wakikaa wima wanapolisikia.

Ndani ya ngome msiharakishe. Lisogeeni ukuta mpaka uso ukaribie jiwe. Mahali lipu ilipobanduka utaona jiwe la matumbawe lenye nyota ndogo ndogo, mamia, kila moja ni nyumba ya kidudu cha baharini kilichokufa zamani. Pitisha kidole, linakwaruza kama jino la papa. Kisha inua macho utazame dari: boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa. Pimeni upana wa chumba kwa hatua. Mtapata hatua tatu au nne, si zaidi, na vyumba vya kale vya Pate na Lamu mtavikuta hivyo hivyo. Sababu ni kwamba boriti ya mkoko haiwi na nguvu ikizidi kama mita tatu hivi, basi ni mti uliompimia mwashi upana wa chumba. Mikoko ile ile inayoficha ngome kwa nje ndiyo inayobeba dari yake kwa ndani.

Adhuhuri itawakuta hapo. Siyu ni mji wa dini, na mgeni mwenye adabu hupendwa upesi. Wanaume msije na kaptura, wanawake muwe na kanga au mtandio wa kujifunika. Toeni salamu kwanza, ndipo muulize. Wazee waamkieni kama mnavyowaamkia wa kwenu, msipige picha ya mtu bila ruhusa, na akina mama wakisema hapana ni hapana. Chakula kiagizwe mapema kwa simu kupitia mwongozaji wenu, kwa sababu hakuna hoteli ya kuingia na kuagiza. Mtapikiwa nyumbani, wali na samaki, labda mkate wa mofa kama kuna mtu amewasha tanuri, na mlipe vizuri bila kubishana. Baada ya chakula ulizeni fundi wa viatu vya ngozi. Kazi hiyo ni ya asili Siyu, na kiatu kilichokatwa na kushonwa mbele yako si sawa na kile cha dukani.

Watu wataanza kuwaambia, "Shanga ni karibu tu, twendeni." Ni kweli ni karibu, na ni pazuri. Ni mji uliohamwa karne ya 15, na chini ya msikiti wake wa mawe wachimbaji waliokuja miaka ya 1980 walikuta misikiti midogo zaidi, mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo kabisa ukiwa wa karne ya 8. Lakini msiende. Shanga inataka siku yake peke yake. Mkiichomeka katika siku hii mtaiona vibaya na mtalala kwenye tope kama nilivyolala mimi.

Saa tisa na nusu muwe bandarini mizigo ikiwa mkononi. Maji yatakuwa yanapanda, mtayaona yanavyoingia baina ya mizizi ya mikoko bila kelele, na boti itaweza kuelea. Mtoke saa kumi. Mtafika Mkanda maji yakikaribia kujaa, na Lamu kabla ya Magharibi. Giza la huku huingia upesi, saa kumi na mbili ikishapita si wakati wa kutafuta njia majini.

Kuhusu msimu: Julai mpaka Septemba ni bora, kusi linapuliza na jua halichomi sana. Bahari ya nje huchafuka wakati huo, lakini njia hii iko nyuma ya visiwa kwa sehemu kubwa. Februari na Machi ni joto la kuumiza, sipeleki mtu kwa miguu. Masika, kuanzia Aprili, njia huwa na madimbwi na machaka yana mbu. Likizo ya Agosti inawafaa kabisa. Ramadhani ni mwezi mzuri wa kukaa Lamu, lakini si wa kuwatembeza watu kwenye jua na kuwapikisha wenyeji mchana, ahirisheni.

Sasa mwanao. Mtoto wa miaka 11 aliyezoea kutembea ana miguu ya kutosha, kinachonitia shaka ni jua tu. Kutoka Mtangawanda mpaka Pate atembee nanyi, atafurahi. Kutoka Pate mpaka Siyu, ikifika saa nne ukamwona amenyamaza na uso umekuwa mwekundu, usimhimize. Mwongozaji apige simu, pikipiki ije, apande yeye na mtu mzima mmoja wawatangulie mpaka Siyu wakae kivulini. Weka akiba ya fedha ya jambo hilo kabla hujatoka Malindi. Mvalishe koti la kuelea tangu Lamu mpaka Lamu, na muulize nahodha ulione kwa macho yako kabla hujalipa: liwe la kipimo cha mtoto, si la mtu mzima lililofungwa kwa kamba. Kama hana, tafuteni nahodha mwingine.

Na mpeni kazi. Mwambie ahesabu mizinga ya ngome, kisha amuulize mzee yeyote wa Siyu ilikuwa inaelekezwa wapi.